Usukani Ulionyooka

Wapendwa, nisikilizeni upesi, kwa sababu mfano huu nikiuchelewesha utanikimbia, nao ni mfano wa shukrani, ingawa unaanza na gari.

Palikuwa na mama mmoja kijana katika mji wa milimani, mji wa ukungu na viazi, ambako barabara inapanda mpaka masikio yanaziba na kushuka mpaka breki zinanuka. Alikuwa na mtoto wa miezi tisa, Atupele, na alikuwa na mume, na mume alikuwa na gari. Sisemi nyumba ilikuwa na gari. Mume ndiye aliyekuwa nalo, kwa maana lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lilifika mikononi mwake likiwa limekwisha kuchoka, naye akalipenda kama watu wanavyompenda mtoto wa uzeeni.

Jambo la kwanza alilofanya ni kulishusha. Mmeyaona magari yaliyoshushwa? Aliwaambia mafundi watoe springi lilizokuja nazo, waweke fupi na ngumu, na shokapu zote nne wabadilishe, na gari likalala chini hata kuku wa jirani, aliyezoea kukatiza uvunguni mwake, akaanza kuzunguka. Vijana wa kijiweni walipoliona wakasema, "Mwanangu, hiyo sasa imelala." Yule baba akatembea wiki nzima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Lakini fundi aliyezifunga zile springi alimwambia neno wakati anajifuta mikono. Akamwambia, "Kaka, gari yako tumeibadilisha miguu. Mtu ukimbadilisha miguu hatembei kama zamani. Kabla hujaenda mbali kapime alaimenti, tairi zote nne zijue tena zinaangalia wapi."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Wiki hii hii."

Wapendwa, si tunaifahamu hiyo wiki hii hii? Si ndiyo ile tuliyotaka kumpigia mama simu?

Basi ikapita hiyo, ikapita na ya pili. Na gari lilikuwa na kasoro moja tu iliyoonekana kwa macho, kwamba likienda moja kwa moja usukani wenyewe unakaa upande, kama kofia ya mlevi. Watu wakacheka. Abiria akikaa mbele anauliza, "Shemeji, tunakata kona?" na wako kwenye barabara iliyonyooka kama rula. Kicheko kile kilimuuma yule baba kuliko kitu chochote. Akampata rafiki yake, mtu mwepesi wa mikono, naye akamwambia, "Kumbe shida ni hiyo tu? Lete spana." Akafungua nati ya katikati, akauchomoa usukani, akauzungusha kidogo tu, akaurudisha ukiwa umesimama wima, akaikaza nati, akasema, "Nyooka, baba." Ikachukua muda wa kunywa chai kikombe kimoja. Chini kwenye matairi hakuna aliyegusa hata kwa kidole.

Toka siku ile ukikaa mle ndani ukitazama, kila kitu kimenyooka. Hakucheka mtu tena. Wiki hii hii ikafa, hata kuzikwa haikuzikwa.

Sasa njooni kwa yule mama.

Yule mama hakuwa anajua springi wala shokapu. Alimaliza kidato cha nne, akaolewa, akajifungua, na alichokuwa anakijua vizuri kuliko vyote ni uzito wa mtoto wake mapajani. Lakini kila alipoingia ndani ya gari lile mwili wake ulijua kitu. Pale ambapo malori yamechimba mifereji kwenye lami, gari lilichepuka lenyewe, kama mbuzi aliyeona majani. Kwenye kona ya kushoto kulikuwa na mvumo ukitokea chini, mdogo, kama mtu anayenung'unika ndani ya debe. Na yeye miguu yake miwili inakanyaga sakafu, anakanyaga breki ambayo haipo, na mikono imemzunguka mtoto mpaka mtoto analia kwa kubanwa.

Alikuwa akiogopa anasema mbiombio, maneno yanasukumana mlangoni. "Baba Atupele, linavuta, si unaona linavuta, na hapo, sikia, sikia hapo linavuma, punguza basi, simama kwanza tuangalie."

"Tuangalie nini? Usukani si huu hapa? Utazame. Umenyooka."

"Sijasema usukani."

"Sasa umesema nini?"

Naye hakujua amesema nini. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alikuwa na hofu ambayo haina jina, na mumewe alikuwa na usukani ulionyooka, na katika mabishano, wapendwa, mwenye kitu cha kuonyesha ndiye anayeshinda.

Yule baba hakuwa mtu mbaya. Nawaomba msimchukie. Alimhurumia mkewe kweli kweli. Akaenda kwa mama wa maombi, yule anayeongoza maombi ya Jumatano, akamwambia kwa unyenyekevu, "Mama, nisaidieni. Tangu ajifungue mke wangu ameingiwa na hofu. Gari ni zima, barabara ni ile ile, lakini yeye anatetemeka. Muombeeni imtoke."

Wakaja akina mama. Wakamwekea mikono. Wakaikemea ile hofu kwa sauti za kusikika hadi sokoni, na katika wote aliyesema amina kwa nguvu kupita wengine ni yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa amechoka nayo, alitaka itoke, alitaka awe mke anayekaa kwenye kiti cha mbele anakula karanga na kutazama miti kama wake wa wenzake. Jumatano tatu mfululizo. Na Jumatano ya tatu, wakirudi nyumbani kutoka kwenye maombi, kwenye kona ile ile, mvumo ule ule, hofu ikampanda kutoka miguuni hadi kooni kama vile haijawahi kukemewa na mtu.

Safari hii hakusema. Aliona aibu. Watu wamefunga hata kula kwa ajili yake, atawaambia nini? Akauma midomo akamkumbatia mtoto akanyamaza, na mumewe akamtazama pembeni akafurahi, akasema, "Umeona? Bwana ametenda."

Ndugu zangu, ninyi mngefanyaje? Mngesema? Au mngenyamaza kama yeye, ili maombi ya watu yaonekane yamejibiwa?

Ikafika Jumamosi ya safari. Bibi mzaa baba anakaa bondeni, chini kabisa, kwenye joto na mpunga, hajamwona mjukuu toka azaliwe, na kutoka mlimani kwenda kwake kuna mteremko wa kona kumi na moja, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili hewa. Yule mama hakulala vizuri. Asubuhi akavaa kitenge kipya, akamvalisha mtoto kofia na viatu vya kufuma vya rangi ya njano, akabeba begi la nepi na chupa ya uji.

Nje mumewe alikuwa ameshaliosha gari. Sasa alikuwa anapaka matairi dawa ya kung'arisha, ile nyeusi, anapaka kwa kitambaa, pole pole, tairi kwa tairi. Yakang'aa. Upande wa nje ule mpira ulikuwa mzima kabisa, kashata zake, yale meno ya tairi, zimesimama kama siku ya dukani. Jirani akapita akasema, "Shemeji, mnakwenda harusini au mnakwenda kuoa?" Wakacheka. Yule mama akacheka pia, kidogo.

Wakasimama wote watatu kando ya gari, wakashikana mikono, baba akaombea safari. Akaomba ulinzi, akaombea kona zote kumi na moja, akaomba na hofu isirudi. Amina. Akafungua mlango.

Na hapo Atupele, aliyekuwa begani kwa mama yake na meno yake mawili, akavua kiatu kimoja akakitupa.

Kiatu kikadunda, kikaingia chini ya gari, nyuma ya tairi la mbele.

"Mwache, ana soksi," baba akasema. "Tutachelewa jua litakuwa kali."

"Bibi yake amekifuma kwa mkono," mama akasema. "Akikiona kimoja atalia."

Akampa mumewe mtoto. Akapiga magoti na kitenge chake kipya. Gari lilikuwa limeshushwa sana, hamkumbuki? Hata kuku hapiti. Hakuweza kuona kitu, akaingiza mkono tu, akapapasa nyuma ya tairi, upande wa ndani, ule unaotazama injini, upande ambao hakuna mtu anaupaka dawa.

Kitu kikamchoma.

Akautoa mkono. Kwenye kidole cha shahada damu ilikuwa inatoka, tone, na tone jingine.

"Nini?"

"Mwiba."

"Mwiba chini ya gari unatoka wapi?"

"Mwiba wa chuma," akasema. Halafu akasema pole pole, yeye ambaye huwa hasemi pole pole, "Baba Atupele, nirudishie mtoto. Kisha lala chini uangalie wewe."

Yule baba na shati lake jeupe la kwenda kwa mama yake akamrudishia mtoto, akalala chalichali kwenye changarawe, akawasha tochi ya simu, akasukuma kichwa chini ya lile gari alilolishusha mwenyewe. Akakaa huko. Yule mama aliona viatu vyake tu, na vile viatu havikutikisika kwa muda mrefu.

Mnajua aliona nini? Upande wa nje tairi ni jipya. Upande wa ndani mpira umekwisha, umeliwa, umekuwa kipara, na ndani ya kipara nyaya zimetoka zimesimama kama ndevu. Akajiburuta hadi tairi la pili. Hilo nalo hivyo hivyo. Miezi mitano tangu gari lishushwe mpira ulikuwa unaliwa, na usukani umenyooka.

Akatoka. Mgongo wote vumbi. Kiatu cha njano alikuwa amekiokota huko chini, akamvalisha mtoto kisigino mbele. Akasema neno moja tu.

"Shuka."

"Sijapanda," mkewe akasema.

"Shukuru basi," akasema, akakaa chini kwenye kizingiti, mtu mzima, akalia.

Siku ile hawakwenda kwa bibi. Walimpigia simu wakamwambia gari linaumwa, naye akasema heri gari liumwe kuliko ninyi. Baba akaazima matairi mengine, akaliendesha gari pole pole hadi kwa fundi, yule yule aliyemwuliza lini. Safari hii mkewe alikuwa pembeni yake, kidole kimefungwa kitambaa. Fundi hakuwa na mashine. Alikuwa na uzi, na rula ya shule, na timazi kama ya fundi mwashi. Akauvuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akaining'iniza timazi, akapima, akapima tena.

"Haya matairi kila moja linakwenda kwao," akasema. "La kushoto linakwenda kushoto na la kulia linakwenda kulia, na yote yamelalia ndani. Sasa usukani huu nani aliunyoosha?"

"Kuna rafiki yangu."

"Mpe salamu. Mwambie amempaka mgonjwa poda." Kisha akamgeukia yule mama. "Na wewe shemeji, humo ndani hukusikia kitu? Gari ya hivi lazima inalalamika."

Yule mama akafungua kinywa, na safari hii maneno hayakusukumana. Mume akamtangulia kujibu. Akasema, "Alisikia. Alisikia toka siku ya kwanza. Mimi nilimpeleka kuombewa."

Fundi akainama akaanza kulegeza nati, zile za chini.

Wiki iliyofuata wakashuka bondeni. Kona ya kwanza, ya pili. Baba anaendesha mikono miwili, anasubiri asikie, "Linavuta, punguza." Kona ya nne, kimya. Akatazama pembeni. Mkewe alikuwa amelala. Amelala kabisa, mdomo wazi, kichwa kwenye kioo, na mtoto amelala kifuani kwake, na miguu yake yote miwili imelegea, haikanyagi kitu. Alilala hadi kona ya kumi na moja. Jumatano tatu za kuombewa hazikumpa usingizi ule. Uzi na rula vilimpa.

Lakini mfano wangu haujaisha, tulieni.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Mnaijua desturi yetu, baada ya ibada tunatoka nje kwenye mnada, mikungu ya ndizi, madebe ya viazi, majogoo wamefungwa miguu, mzee wa kanisa ananadi na watu wanashindania, na kinachopatikana kinarudi madhabahuni. Mwaka ule katikati ya maboga palikuwa na tairi. Limeegemezwa ukutani, limepakwa dawa, linang'aa.

Mzee wa kanisa akalishika kwa shida akasema, "Mwaka huu mpaka mpira umezaa. Nani analitaka? Tazameni uso wake, halijawahi kuona tope."

Mikono ikapanda. Mwenye pikapu ya viazi akapiga kelele, "Hilo langu, msinisumbue," na mwingine akasema, "Lako kwa nini, una hati?" wakawa wanashindania, wanacheka, bei inapanda, na yule mama amesimama nyuma na mtoto wake mgongoni, hakujua kabisa mumewe amepanga nini.

Mume akatoka mbele. Akamwambia mzee, "Samahani, baba. Ninaomba niwaonyeshe upande wa pili."

Akaligeuza.

Zile nyaya zikaonekana. Mwenye pikapu akashusha mkono wake taratibu kama mtu anayeficha kitu.

Akasema, "Juu ya hili nilitaka kuwashusha mke wangu na mwanangu kona kumi na moja. Niliwaambia ninyi kwamba ana hofu. Mkamwombea kwa sababu mimi niliwaomba, hamkukosea. Niliomba itoke, na Mungu hakuitoa. Nimeleta shukrani yangu kwa maombi ambayo hayakujibiwa."

Akaja mama wa maombi, yule wa Jumatano, akipita katikati ya madebe. Watu wakadhani amekasirika. Akainama mbele ya tairi, akaweka kidole chake kwenye zile nyaya, akauliza bila kugeuka, "Mama Atupele, ni hapa palipokuchoma?"

"Ni hapo, mama."

"Basi ninalinunua mimi."

Akalinunua. Mpaka leo liko kwenye chumba cha maombi, limelazwa sakafuni, upande wa ndani uko juu. Na mtu akija pale kuombewa hofu, mama yule haanzi tena na kumwekea mikono. Anamketisha juu ya lile tairi na kumwuliza, "Unaogopa nini, mwanangu? Kwanza tuonyeshe. Tukiangalia tukakuta hakuna kitu, tutaikemea. Tukikuta kipo, tutakushukuru."

Sasa sisi.

Sisi nasi tumebadilishwa springi, wapendwa. Kuna aliyeoa, kuna aliyezaa, kuna aliyepata kazi kubwa, kuna aliyezika. Mengine ni mema kabisa, ni baraka tulizoziomba kwa magoti, lakini yametushusha au yametupandisha, na hatutembei tena kama zamani, na hakuna aliyetupima. Tulichofanya ni kunyoosha usukani. Jumapili shati limepigwa pasi, salamu ni ile ile, hamjambo, hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nyumbani mtu mmoja ananyamaza kwenye kona.

Na tunamshukuru Mungu kwa mambo ya upande wa nje, yanayong'aa. Nani kati yetu amewahi kumshukuru kwa mwiba? Kwa mke anayesema sana, kwa mtoto anayetupa viatu tukiwa tumechelewa, kwa fundi aliyetuuliza lini? Yule mama kovu lake ni dogo, kama punje ya ulezi. Akifua linamwasha. Anasema kila likiwasha anasema asante.

Bado anaogopa, wala msidhani aliacha. Juzi amemwambia mumewe kwamba paa la jikoni linalia upepo ukivuma. Mumewe alikwenda kuleta ngazi.

Basi nakwenda kukaa. Ninaomba jambo moja kwa jirani yangu wa kwenye benchi: nikifika hapo, usiniambie nimependeza. Niulize habari za upande wa ndani, kisha nipe muda wa kugeuka.